Meza ya Kukatia Si Kabati

Kitinda mimba wangu,

Hatujambo, cherehani zote mbili zinafanya kazi, na mama yako sasa ana kompyuta mpakato mpya. Usicheke! Nimeichagua mwenyewe.

Muuzaji aliniona na utepe wa kupimia shingoni, akadhani amepata mtu wa kumbambikia. "Mama, chukua hii, ina gigabaiti nane, utaweka vitu mpaka uchoke."

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo nane ni kumbukumbu ya kufanyia kazi tu, ni meza ya kukatia. Mimi nauliza nafasi ya kuhifadhi, kabati la vitambaa."

Akaiwasha nione. Kabati lenyewe lilikuwa la sitini na nne, na nusu yake imeshaliwa na programu zilizokuja nayo. Nilimfungulisha kila kompyuta dukani nione nafasi iliyobaki, kama ninavyopima kitambaa kabla ya kulipia. Nikatoka na ya mia tano kumi na mbili, kichwa juu.

Nafasi hiyo ni ya baba yako. Jumatatu anafanyiwa upasuaji wa koo, na daktari anasema hatazungumza tena. Kila alasiri namrekodi, picha na sauti, akisimulia, akinitania, akiimba vibaya vilevile.

Najua mliagana vibaya. Lakini jana alinifukuza chumbani, akajirekodi saa nzima. Faili hilo ameliita kwa jina lako. Ndilo kubwa kuliko yote, nami sijaligusa.

Halitafutwa, nafasi ipo tele. Ila njoo ulisikilize wakati bado anaweza kukujibu.

Mama yako,
fundi wa nguo, na sasa wa kompyuta