Nywila Mpya ya Mzee Adolf

Rose, leo nimeaibika mpaka basi!

Nilitaka kujaribu masharti mapya ya nywila kwenye kompyuta yangu tu. Nikakosea kubonyeza, yakaenda ofisi nzima. OFISI NZIMA! Watu wote arobaini wakatolewa kwenye mfumo.

Na bosi, Mzee Adolf, alikuwa anawaonyesha wageni wa Mang'ula takwimu za mpunga ukutani, kompyuta yake ikiwa kwenye projekta.

"Edna, umefanya nini?"

"Samahani mzee, weka nywila mpya, ndefu, yenye namba."

Akajaribu tano, zikakataliwa zote. Kwa hasira akabonyeza kile kijicho cha kuonyesha maandishi, akaandika ya sita. Wageni wakaisoma ukutani:

EdnaHanaAkili2025

Mfumo ukajibu: "Nywila imara sana."

Rose, ikabidi mimi mwenyewe nimwambie abadilishe tena, maana wote wameiona.