Utando Ndani ya Ngoma ya Baba

Jumatatu, 3 Juni. Gitega

Oveni tena. Utando wa leo umetoka umekunjamana kama jani kavu la mgomba. Sikukaza fremu sawasawa. Plastiki hii ukiipasha moto bila kuibana, inajikusanya. Ukiibana, moto unaiimarisha, kisha naichaji kwa umeme mkali, na tangu hapo kila ukiigonga inatoa umeme kidogo. Kidogo kweli, wa kuwasha kitaa tu. Majirani zangu wa mtaa wa Nyamugari wanadhani natengeneza mifuko.

Jumanne, 4 Juni

Mkuu wa maabara amenisimamisha koridoni. "Écoute, sikiliza, Jumapili tunakuja kanisani kwenu Muyinga na wageni, tuone ngoma ikiwasha taa. Kama taa haiwaki, hii chumba mi naipatia wengine." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Bila chumba narudi Muyinga kulima, kwenye kipande tulichogawana na watu tuliowakuta shambani kwetu tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania. Baba analima, kaka analima. Mimi nitasimama pembeni na jembe.

Alhamisi, 6 Juni

Utando umekubali. Laini, hauna mkunjo hata mmoja. Nimeuchaji. Kuanzia sasa joto kali ni adui yake. Ukipata moto tena, chaji yote inapotea. Nimeufunga kwenye kitambaa. Naogopa hata kuuweka juani.

Jumamosi, 8 Juni. Muyinga

Baba anapiga ngoma ya kwaya tangu tukiwa kambini. Nimepitisha mkono kwenye uwazi wa chini, nikabandika utando nyuma ya ngozi, waya hadi kwenye kitaa. Akapiga. Kikawaka. Akaacha, akakitazama, akapiga tena polepole kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

Tangu nikatae jembe hajawahi kuuliza kazi yangu ni nini. Leo ameuliza. Nimemweleza vibaya, lakini amesikiliza. Nimemwomba ngoma isiguswe na maji. Amecheka. Eti leo mimi ndiye wa kumfundisha ngoma.

Jumapili, 9 Juni

Haikuwaka.

Wageni benchi la mbele. Kwaya inaimba. Baba alipiga mpaka shati likamganda mgongoni, na ngoma ililia kuliko siku zote. Taa, hakuna kitu. Mkuu alitazama viatu vyake. Mwishoni alinipa mkono, akasema "Courage, jipe moyo", akapanda gari.

Nimeupima utando. Haujapasuka, haujayeyuka. Umekufa tu. Nikamuuliza baba ngoma ililala wapi. Akajibu kwa furaha kabisa: "Ndani. Ila alfajiri niliisogeza motoni, mwanangu. Ngozi ilikuwa imelegea kwa baridi. Sikutaka uaibike mbele ya wageni."

Kila mpiga ngoma hufanya hivyo. Nimeiona desturi hiyo maisha yangu yote. Nilikataza maji, moto sikuutaja. Nina hasira, na sina wa kumpa.

Jumatatu, 10 Juni

Utando ungeweza kuchajiwa upya. Mashine iko Gitega, ndani ya chumba ambacho si changu tena.

Asubuhi nimeenda shambani na baba. Udongo mkavu. Viganja vimeanza kuchubuka. Ameniuliza taa iliharibiwa na nini. Nimesema waya.

Amelima kidogo. Halafu akauliza, bila kuniangalia, kama angalau ngoma ilisikika vizuri.

Nimemwambia ilisikika vizuri sana.