Kona ya Gavana Thorne

Jumamosi, 11 Januari

Jarida mashuhuri la New York limempamba Gavana Thorne kwenye jalada: msomi, shujaa wa vita, bado kijana. Mimi, kijana wa kampeni yake, nimelibandika ukutani katika chumba nilichopewa bure na Bi Arlys Tjaden, mwalimu mstaafu, mjane, mpiga kura wa jimbo hili la Iowa. Gavana akishinda hapa, kwenye mchujo wa kwanza wa chama, njia ya urais itafunguka — nami nitapata meza yangu Ikulu. Naitamani meza hiyo kiasi cha kuiona taa yake.

Bi Arlys alilitazama jarida. "Kapendeza," akasema.

Nikamwandika kwenye orodha yangu ya wapiga kura: wetu.

Jumapili, 19 Januari

Theluji. Nyumba baada ya nyumba, kahawa baada ya kahawa. Gavana ni mtu mzuri, wanasema. Wangemchukua awe chaguo lao la pili. Wa pili — kila mlango!

Nimewaandika wote: wetu.

Kendra, mkuu wangu, alicheka. "Emmett, ndugu yangu, watu wa huku hawajui kusema hapana. Wakikupa kahawa, usidhani wamekupa kura."

Jumamosi, 25 Januari

Gavana amekuja mwenyewe, kwenye ukumbi wa kanisa. Alihutubu kwa ufasaha uliotukuka, machozi yalinilenga. Wenyeji walisikiliza huku wakichovya mikate ya mdalasini katika mchuzi wa maharagwe, desturi ya huku. Yeye hakuonja.

Nilimwongoza hadi kwa Bi Arlys. Gavana akamshika mkono, macho yake kwenye kamera. "Asante kwa kuniunga mkono." Akapita.

Jirani yetu, mzee Duane, hakuliacha lipite. "Kumbe umeshaolewa, Arlys, na posa hatujaiona?"

Meza nzima ikacheka. Bi Arlys akatabasamu, akaufuta mkono wake kwa kitambaa, taratibu.

Jumatatu, 3 Februari

Naandika kwa penseli katika ukumbi wa michezo wa shule, usiku wa mchujo. Hapa kura haifichwi: kila mgombea ana kona yake, na wafuasi wake husimama humo wakahesabiwa. Kona yenye watu wachache mno huvunjwa.

Yetu inahitaji mtu mmoja zaidi isivunjwe. Wale wa kahawa wote wako kwingine. Wananipungia mkono, kwa upole.

Bi Arlys ameketi na wale ambao hawajaamua. Duane anamwita kutoka kona ya mgombea mwingine: "Njoo huku, Arlys, tuna biskuti."

"Nilizioka mimi hizo, Duane. Nazijua."

Muda wa kuhama kona umefunguliwa. Kendra amenitumia ujumbe: nimsomee Bi Arlys kura za maoni za taifa zima.

Tangu Septemba nimekula mezani pake. Kila jioni, akiondoa sahani, huniuliza: "Una neno, mwanangu?" Nami hujibu kwamba nimeshiba, nashukuru. Nilidhani anauliza habari ya chakula. Kura yake niliihesabu siku ile ya jarida. Kuiomba, sikuiomba hata mara moja.

Ajabu — ile meza ya Ikulu siioni tena. Ninachokitamani ni jioni moja tu ya zile, aniulize tena.

Amegeuka, ananitazama. Ameondoa koti lake kwenye kiti cha pembeni, kiti kimebaki wazi. Duane naye ameanza kuja, sahani ya biskuti mkononi.

Naliacha lile jarida nililolibandua nikaja nalo, naziacha takwimu. Naenda kuposa. Sijui hata neno la kwanza ni lipi —