Gari Lisilofika Mwika

Kibondo,
Jumapili mchana.

Mama yangu mpendwa,

Shimboni, Mama. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Na yule ng'ombe, amezaa salama? Mimi ni mzima. Mvua inapiga kila alasiri, na maharage ya jirani yamepanda juu ya uzio wangu bila hodi.

Miwani mpya inakufaa? Nauliza kwa sababu nataka barua hii uisome mwenyewe, si Elia akusomee. Nikikupigia simu kaka anaiweka kwenye spika, na kabla sijamaliza salamu ameshanijibu kwa niaba yako. Kwa hiyo nimeandika, na mwalimu mwenzangu anayekuja harusini Himo atakukabidhi mkononi.

Nimenunua gari, Mama. La umeme.

Najua Elia ameshakueleza upande wake. Amesema alinitafutia haibridi ya kuchaji, yenye betri na tangi la petroli, safi, rangi ya fedha, nami nimeisusa kama mtoto anavyosusa uji. Juzi aliniuliza, "Ndeshi, huko wamekufanya nini?" Hawajanifanya kitu. Nimefanya mwenyewe.

Wala sikukurupuka. Nafundisha fizikia, betri nazijua kuliko yeye. Anasema umeme ukikatika haibridi itatembea kwa petroli. Ni kweli, na umeme huku unakatika, sitakudanganya. Lakini kutoka kwangu hadi shuleni ni mwendo wa nyimbo mbili za redio. Gari la umeme likilala limeshiba, linanipeleka shule siku kadhaa bila kudai chochote. Haibridi ina injini na ina betri, yaani ina magonjwa ya aina mbili, na fundi wangu wa jirani ni bingwa wa pikipiki. Nilimwambia Elia hayo yote. Akasema, "Na Desemba je?"

Hapo ndipo penye ugomvi. Unaijua Desemba yetu, magari yanavyopanda mlima moja baada ya jingine, na majirani wanavyochungulia uani kuona mtoto wa nani kaja na nini. Haibridi ingefika Mwika. Hili la kwangu halifiki. Kutoka Kibondo hadi huko lingekuwa linaomba umeme kila mji, na sikukuu ingetukuta Singida. Elia analijua hilo, na mimi nililijua kabla ya kulinunua.

Ngoja nikueleze nilivyolipata. Lilikuwa la daktari mmoja wa Kasulu aliyehamishiwa mbali, na gari halikuweza kumfuata. Nilikwenda huko Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nikiwa bado nimegawanyika. Nikamwambia daktari nitalijaribu hadi Kibondo; likinishinda, namrudishia na kumpigia Elia simu kwa unyenyekevu. Jioni nilikaa na daftari nikapiga hesabu ya kila mlima na kila mteremko. Hesabu ikakubali, tena na akiba kidogo. Asubuhi nikaondoka betri imejaa, niko peke yangu.

Peke yangu kwa muda wa dakika kumi tu. Bibi mmoja alikuwa kando ya barabara na mkungu wa ndizi. Ningempita vipi, wakati wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwenye gari akimpita mtu mzima njiani amemtukana? Halafu huku salamu yenyewe si ya kupungiana mkono. Bibi aliinama kidogo, akapiga makofi polepole, "Mwidiwe," nami nikapiga makofi nikaitika. Ukishaitika namna hiyo huwezi kupandisha kioo ukaondoka. Mbele akapanda baba mwenye magunia mawili ya maharage. Mbele tena mama mwenye mtoto mgongoni. Nikawa nasimama, napiga makofi, napakia. Mwalimu mzima wa fizikia, nimepima milima yote ya Kasulu, nikasahau kupima watu.

Kwenye mlima mmoja mrefu taa ya betri ikawa nyekundu. Nikasimama pembeni nikalia, Mama, kwa hasira. Nilikuwa naisikia sauti ya Elia ikisema, "Si nilikwambia?" Yule bibi wa ndizi akanitazama, akasema, "Mwalimu, gari lina njaa. Twende kwa mama wa mashine, si mbali."

Tulikokota polepole hadi kwenye mashine ya kusaga ya kijiji kilichofuata. Mwenyewe anaitwa Mama Daforoza. Alikuja kutoka Burundi akiwa msichana, kwa ukimbizi, na sasa ni raia kama wewe na mimi. Alitoka mlangoni mweupe kwa unga hadi kope.

"Hili linakula nini?" akauliza.

"Umeme, mama."

"Ego, naam! Basi ni ndugu yake na mashine yangu. Leta waya."

Akamaliza kusaga ndoo tatu za muhogo zilizokuwa kwenye foleni, kisha akazima mashine na kuwaambia wengine warudi jioni. Hakuna aliyenung'unika mbele yangu. Gari likaanza kunywa taratibu, sisi tukakaa kwenye mkeka na abiria wangu wote, tukala ugali wa muhogo na dagaa. Nilipotaka kumlipia umeme alinikemea mbele za watu.

Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Mwika, Kilimanjaro.

"Na utarudi lini?"

Nikamjibu jibu langu la miaka kumi na moja: "Mwakani, Mungu akipenda."

Akacheka hadi unga ukamdondoka. "Mwana wanje, mwanangu, na mimi nilisema hivyohivyo. Kila mtu alikuwa ananiuliza, utarudi lini, utarudi lini. Siku nilipopanda ile miparachichi," akanyoosha kidole nyuma ya mashine, "wakaacha kuniuliza. Na mimi nikaacha kujiuliza."

Mama, niliweka tonge chini. Kuna jambo nilikuficha. Mwaka jana nilikwambia hajapatikana mwalimu wa kubadilishana naye kituo. Alipatikana, tena wa Moshi mjini. Karatasi zilikuwa tayari, zinangoja sahihi yangu, nami nikazirudisha tupu. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa utalia, na najua sasa unalia. Nisamehe kwa uongo ule. Kwa kubaki siombi msamaha.

Tulifika Kibondo jua bado lipo, na maharage yote, na ndizi zote. Nikampigia daktari kwamba gari nalichukua. Kisha nikampigia Elia. Alifoka hadi akachoka, nami nikamsubiri amalize, kisha nikamwambia usiku mwema.

Usianze kunong'ona na shangazi: sijaolewa, sijalogwa, na hakuna mtu aliyenishika mguu. Nina shule ambayo kabla yangu ilikaa bila mwalimu wa fizikia. Nina kiwanja, na wiki iliyopita nimepanda miparachichi minne. Na ule mche wa mgomba ulionifungia kwenye kiroba siku naondoka, ukasema nikiupanda nitakukumbuka, umeshazaa mara tatu. Wewe mwenyewe ulinipa cha kupanda, Mama. Ulidhani nitafanya nini nacho?

Desemba nitakuja, kwa basi, kama nilivyoondoka. Tutakaa pamoja, nitakukanda goti, na nikirudi twende wote ukaone. Kwenye stendi ya Kibondo nitakupokea na gari. Halina mlio, kwa hiyo usishtuke.

Nisalimie shangazi, mwambie sala zake zinanifikia. Msalimie wifi yangu, mke wa Elia, ambaye peke yake ndiye aliyeniuliza gari lina rangi gani; mwambie ni bluu. Mdogo wetu wa mwisho mwambie asome. Na Elia msalimie sana. Ni kaka yangu na nampenda, ila hili halimhusu.

Ile nafasi aliyoliachia gari langu uani, kati ya gari lake na la mdogo wetu mwingine, uanike kahawa. Na majirani wakikuuliza gari la Ndeshi liko wapi, usiwaambie limeharibika, wala usiwaambie sina.

Waambie liko nyumbani.

Ni mimi mwanao,
Ndeshi