Volti za Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi

Wamemsimamisha kazi mwanangu! Binti yangu! Fundi kompyuta pekee katika ofisi ile anayejua anachofanya — nje! Karudi saa nne asubuhi na begi lake, hata chai kakataa. Eti kompyuta kumi na mbili za wachoraji ramani za nyumba zinazima zenyewe. Zikiwaka, michoro imeharibika. Ukuta haupo, ngazi inaelea hewani. Lawama zote kabebeshwa yeye. Bosi gani huyu? Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani miaka minne mfululizo!

Kalamu naiweka. Basi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemkalisha jikoni. Nikamwambia, nieleze polepole, mama yako niliishia darasa la saba.

Ndani ya kompyuta mna vipande vya memori, vinakula umeme kidogo sana. Vya kwao kawaida ni volti moja nukta mbili. Karatasi ya kiwanda inaruhusu moja nukta tatu tano ukitaka viende mbio. Alipandisha mpaka hapo, hakuvuka. Kila mashine akaipima kutwa nzima. Mbili zikaleta makosa. Je, aliziongezea umeme? Thubutu! Alizipunguzia mbio, zikatulia.

Nikamwambia, mwanangu, hiyo si ni pasi! Hariri ina moto wake, kitani kina wake. Miaka ishirini niko dobini, sijaunguza hata leso. Akacheka, mara ya kwanza tangu jana.

Lakini jana kabla ya kutolewa alizikagua — zote ziko moja nukta tano! Zinachemka kama birika. Kipande kimoja kimekufa kabisa.

Nani kaziweka? Bingwa. Fundi mwenzake. Wanamwita hivyo kwa dhihaka, mwenyewe anadhani ni sifa. Na mama yake ndiye ninayepiga naye pasi meza moja! Bingwa kamwambia bosi kafuata namba ya binti yangu mwenyewe. Mwongo! Mfitini! Kesho mama yake atanitambua.

Jumatano, 5 Machi

Nimemvaa mama yake Bingwa kabla pasi hazijapata moto. Mwanao kamchongea mwanangu! Yeye kaweka shati chini taratibu.

"Shoga, si wewe uliyesema?"

"Nimesema nini mimi?"

"Hapahapa. Binti yako kazipa mashine moja nukta tano, zinaruka kama swala. Nikampelekea mwanangu, ajifunze kwa mwenziwe."

Nikamwambia ana wazimu. Nikapiga pasi mashati thelathini bila kufungua mdomo. Watu wakadhani naumwa.

Nilisema. Wiki tatu zilizopita. Mwenzangu alikuwa anamsifia Bingwa wake, Bingwa hivi, Bingwa vile, nikachoka. Moja nukta tatu tano niliiona haina kishindo. Nikaongeza! Kama ninavyoongeza kila kitu. Hata darasani, mwanangu alikuwa wa tatu.

Lakini na yeye Bingwa! Mtu mzima, fundi, anachukua kipimo kwa wapiga pasi? Hata karatasi hakusoma? Hata saa moja hakupima? Nina hasira naye. Nina hasira na mama yake, mpeleka habari. Na huu mdomo wangu — ningekuwa na uzi ningeushona.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi kapiga simu, baba wa mwanangu kapokea. Hataki maneno ya simu. Anakuja hapa nyumbani, na Bingwa, na mama yake Bingwa. Kila mtu aseme mbele ya mwenzake namba ilitoka wapi, ndipo aamue kama mwanangu anarudi kazini au ndiyo basi.

Mwanangu kafurahi! Kachapa majibu ya vipimo vya mashine zote, kayapanga mezani kama mitihani. Anaapa hajamtajia mtu moja nukta tano, hata ndotoni.

"Mama, wewe ukae karibu yangu. Wewe ndiye unayejua kusema."

Nikaitika.

"Sasa Bingwa aliitoa wapi ile namba?"

Nikamwambia ngoja, maji yanachemka. Jiko hata halijawashwa. Akanitazama. Akalitazama na jiko.

Baba yake kashaazima viti viwili kwa jirani. Wanakuja wote Jumamosi, saa nne.