Marisaa kwa Mtutu Mzee

Shikamoo Babu,

Sijamwambia mtu mwingine: nataka kujifunza kupiga bunduki yako.

Jana hapa mtaani Niboye, jirani wa shangazi, aliyekulia Karagwe, alituonyesha kidole kilichokatika. Alitia risasi mpya kali kwenye bunduki ya zamani ya baba yake, mtutu ukapasuka.

“Binti, babu yako anatia nini? Au naye ana vidole tisa?”

Mimi, ninayekosa sauti mbele ya wageni, nikajibu: “Marisaa ya chembe ndogo kwa kwale, ya chembe kubwa kidogo kwa kanga. Baruti kidogo, maana mtutu umezeeka.”

“Huyu amefundishwa,” akamwambia shangazi, akanipa brosheti yake, mshikaki wa huku.

Asante kwa kunieleza kila ulipopakia bunduki. Nikirudi, niruhusu nipige kanga mmoja. Uutunze mgongo wako, na kadi hii uifiche. Mama asijue mpaka kanga awe sufuriani.

Mjukuu wako,
Neema