Muhogo Uliopita Port Bell

Bugolobi, Kampala
Jumamosi

Kwa dada yangu Maftah,

Salaam aleikum, wewe na wote waliomo nyumbani. Mguu unaendeleaje? Uvimbe umepungua, au bado unamdanganya daktari kwamba unapumzika, huku unapanda ngazi na ndoo kichwani? Mimi sijambo, isipokuwa presha, na hiyo nimeizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama. Nabilah hajambo, anakusalimia ingawa mna ugomvi. Mvua ni nyingi, huku nyuma ya flati hakupitiki bila gambuti.

Dada, kwanza nianze na ule mzigo wako. Mwezi uliopita ulimpa Latif wa kwenye feri fungu la vijiti vya muhogo wa Mama aniletee, na Nabilah akalishika pale bandarini akalichoma. Ulinipigia simu ukanimwagia maneno. Ukasema mwanangu amekula mkate wa serikali hata akasahau damu yake. Ukauliza tangu lini muhogo wa Mama ukahitaji pasipoti. Mimi nilinyamaza. Usidhani nilinyamaza kwa adabu, dada. Nilinyamaza kwa woga, na sababu utaiona hapo mbele.

Nabilah hakuchoma kwa kiburi. Kazi yake pale Port Bell ni kukagua mimea inayoingia kutoka nje. Kijiti, mbegu, hata udongo ulioshika kwenye mzizi, lazima upate kibali cha huku kabla hujasafiri, na mkaguzi wa huko kwenu Mwanza akuandikie cheti kwamba ni kizima. Nilimuuliza kijiti kikavu kina kosa gani. Akaniambia mdudu anajificha kwenye jicho la kijiti, mdogo kuliko chembe ya chumvi, na akifika ugenini hakuna wa kumla, basi anazaa anavyotaka.

Na sasa mdudu huyo yuko kwetu. Unamkumbuka Akullo, jirani yangu mjane kutoka Lira, yule aliyekuchekesha kwa Kiswahili chake? Shamba lake lile la kando ya bwawa limekwisha. Majani ya juu yalijikunja kama ngumi, yakajaa weupe kama mtu amenyunyizia unga. Akichimba, anatoa muhogo wa unene wa kidole. Ana watoto wanne, dada, na shamba lile ndilo chungu chake. Likafuata langu, yakafuata ya wanawake wengine watatu. Wakaja watu wa kilimo, wakatuamuru tung'oe kila shina, wakachoma. Akullo alisimama mikono kichwani.

Ndipo wakaanza kuuliza mdudu alitoka wapi. Wakakagua mashina, wakasema yaliyougua mwanzo ni ya upande wetu, na yalipandwa majira yale niliyorudi kutoka kumzika Mama. Watu wakaanza kunong'ona ofisini kwamba mkaguzi alimpitisha mama yake. Jumatatu Nabilah ameitwa mbele ya wakubwa wake ajieleze, na akishindwa, kazi hana. Alinisimulia tukiwa tunakula. Akacheka, akasema wamekosa wa kumshuku mpaka wanamshuku yeye na mama yake. Akasema yuko tayari kushika msahafu aape kwamba mama yake hakubeba kitu. Nikalirudisha tonge sahanini.

Dada, nilibeba.

Asubuhi ile ya kuondoka, mlipokuwa mnaosha mikeka ya matanga, nilikwenda nyuma ya nyumba na kisu cha jikoni nikakata vijiti vinane kwenye muhogo wa Mama. Wewe ukaja kumgombeza mkweo Jamilah kwamba ameuchezea, naye masikini akalia kwa kosa asilolijua. Mwombe radhi kwa niaba yangu. Nilitaka Ramadhani nipike futari ikae mdomoni kama ya Mama, basi. Nilivifunga ndani ya kanga zake, nikavaa nguo zangu nyeupe za msiba. Nilijua, wallahi nilijua, hakuna anayefungua furushi la mfiwa. Siku ile Nabilah ndiye aliyekuwa kwenye meza ya ukaguzi. Akaniuliza kama anavyouliza kila abiria: una mmea wowote? Nikamtazama machoni nikamwambia ni nguo za bibi yako. Mtoto akaangua kilio. Akaugusa mzigo kwa kiganja, akanipitisha.

Vinne nilipanda kwangu. Vinne nilimpa Akullo, zawadi ya jirani.

Jana nilikwenda kwake nikamwambia yote. Aliweka jembe chini, nami nikatamani anipige. Halafu akasema kumbe amemlaani Husnah wa duka la mkaa bure mwezi mzima, akidhani ni jicho lake. Akasema Jumatatu atakwenda na mimi. Nikamshukuru kwa kunishika mkono. Akanikata papo hapo: hanishiki mkono, anakwenda kuhakikisha sigeuki njiani pale Kitintale, kabla ya bandari.

Nabilah sijamwambia. Nikimwambia leo, watasema tumepangana maneno, au yeye mwenyewe atataka kunifunika. Nitakuwa mlangoni kabla hajaitwa. Nitasema kwa mdomo huu huu uliodanganya, wakitaka kunitoza faini wanitoze, wakitaka kunifunga wanifunge. Naogopa, lakini nitakwenda. Mwanangu hataapa kwa uongo wangu.

Sikupiga simu kwa sababu ungenizuia, na ukinizuia ninasikia. Utakapoisoma hii Jumatatu itakuwa imepita, na langu litakuwa limekwisha semwa.

Bado lako. Wataniuliza vijiti vilitoka wapi, na nitawatajia Mwanza, nitalitaja shamba la Mama. Kwa hiyo usiwangoje. Nenda mwenyewe kwa bwana shamba, umwonyeshe muhogo wa Mama. Usimpe mtu kijiti hata kimoja, hata akilia. Na wakisema ung'olewe, usimwachie kibarua. Ung'oe wewe, kwa mkono wako, kama mimi nilivyong'oa wangu. Najua utauma. Mama alilisha mtaa mzima kwa muhogo ule. Hakuupanda uje kumlaza njaa mjane wa watu.

Nisalimie shemeji Shakib, mwambie dawa ya kifua nitampa Latif safari ijayo. Wajukuu wapige busu, na huyo anayeota meno umpake asali kidogo. Akullo naye anakusalimia, ingawa kwa sasa anatutazama sote kwa jicho la pembeni. Mungu akupe afya, na mguu uuweke juu ya mto.

Ni mimi mdogo wako,
Hajara, mama Nabilah